Anayekimbia na Anayekimbilia: Somo la Uraia kutoka Mucojo



Nakualika leo tulitazame kwa makini neno ambalo bila shaka umekwisha kulisikia katika taarifa za habari: mkimbizi. Ni neno la kawaida. Mtoto wa shule ya msingi hulielewa bila kufafanuliwa. Hata hivyo, neno hilo likishavuka mlango wa mahakama au wa ofisi ya uhamiaji, huongezeka uzito. Humo ndani huamua kama mtu atapewa hati au hatapewa, kama atalala salama au atarudishwa usiku huohuo alikotoka. Raia asiyejua tofauti ya maneno haya hawezi kujua kama mwenzake ametendewa haki. Kwa sababu hiyo nalihesabu somo hili kuwa la lugha na la uraia kwa pamoja.

Mfano wetu utakuwa Mucojo, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, ambako bibi yangu mzaa mama alizaliwa. Nimeuchagua kwa kuwa naujua kupitia ndugu zangu, na kwa kuwa watu wake wamewahi kuitwa kwa karibu majina yote tutakayoyachambua.

Neno na asili yake

Tuanze na sarufi. Kitenzi chetu ni kimbia. Vitenzi kadhaa vya aina hii hutoa jina la mtenda kwa kuongezewa kiambishi -zi: lea hutoa mlezi, zaa hutoa mzazi, tembea hutoa mtembezi, ombea hutoa mwombezi. Kwa kanuni hiyohiyo kimbia hutoa mkimbizi. Sasa angalia jambo la pili. Kitenzi kimbia hubeba kile kinachoachwa nyuma: "Wamekimbia vita", "Amekimbia kifo." Ukitaka kutaja mahali aendako mtu, yakupasa utumie kauli ya kutendea: "Wamekimbilia Pemba." Na kutokana na kimbilia tumepata nomino kimbilio, yaani mahali au mtu mwenye kutoa usalama.

Kwa hiyo Kiswahili kimeigawa safari moja sehemu mbili. Jina mkimbizi linatazama nyuma, ilipo hatari. Jina kimbilio linatazama mbele, ulipo mlango. Lugha haituambii kama mlango huo utafunguliwa. Hiyo ni kazi ya sheria na ya watu.

Linganisha na kitenzi hama. Anayehama huondoka mahali. Anayehamia huenda mahali fulani kuishi. Neno mhamiaji limetokana na hamia, nalo hutuelekeza kwenye nchi aendayo mtu, na mara nyingi kwenye tumaini lake la kazi, masomo au ndoa. Ndiyo maana kumwita mkimbizi mhamiaji ni kuifuta sababu ya safari yake, na kumwongezea neno haramu ni kumhukumu kabla hajafungua kinywa.

Limebaki neno hifadhi, tulilolipata kutoka Kiarabu. Mtu aliyehifadhi Kurani ameiweka moyoni isipotee. Nchi inayompa mtu hifadhi hufanya jambo la namna hiyo: humweka mahali asipotee. Mwomba hifadhi, basi, ni mtu aliyefika, akaomba, na ombi lake bado halijaamuliwa. Likumbuke sana neno hili, kwa maana kisa chetu kitalihitaji.

Mucojo na watu wake

Mucojo imo katika wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado. Jirani yake upande wa kaskazini ni kijiji cha Pangane, chenye minazi na mchanga mweupe. Baharini vimepangana visiwa vya Quirimbas, Matemo na Ibo vikiwa miongoni mwavyo. Wakazi wengi wa ukanda huo ni Wamwani, Waislamu, wavuvi na wachuuzi wa samaki. Lugha yao, Kimwani, ni ndugu wa karibu sana wa Kiswahili, na jina lenyewe lina uhusiano na neno letu pwani. Ukienda bara utawakuta Wamakonde na Wamakua. Kireno ndicho lugha rasmi ya nchi, lakini wengi wa pwani hiyo, hasa wanawake na wazee, hawakupata nafasi ya kujifunza lugha hiyo shuleni.

Bibi yangu aliiacha Mucojo katikati ya miaka ya 1960, akiwa msichana wa umri wa kuanza kufunga Ramadhani. Vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la wapiganaji wa FRELIMO dhidi ya kituo cha Wareno huko Chai, mahali palipo katika wilaya hiyohiyo ya Macomia. FRELIMO yenyewe ilikuwa imeundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Wareno walipoanza kuwakamata watu na kuwakusanya katika vijiji vya ulinzi, familia nyingi zilielekea kaskazini, zikauvuka Mto Ruvuma na kuingia Tanzania. Familia ya bibi ilifikia Rutamba, mkoani Lindi, palipokuwa na makazi ya wakimbizi wa Msumbiji.

Walipewa ardhi. Bibi alipenda kuitaja methali isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi wetu huitumia methali hiyo kumkejeli mgeni asiyejua kuondoka. Yeye aliitaja kwa shukrani, kwa sababu baba yake alipewa jembe kwelikweli, akalima mihogo, na mwaka uliofuata akawalisha watoto wake kwa jasho lake. Jembe hilo, katika lugha ya sheria za kimataifa, linaitwa haki ya kufanya kazi. Mkimbizi aliyepewa chakula pekee amesaidiwa kwa siku moja. Aliyepewa jembe amerudishiwa heshima yake.

Tanzania ilipata sifa duniani kwa mwenendo huo. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa tuzo ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa watu waliowatumikia wakimbizi kwa namna ya pekee. Na Tanzania haikuwa peke yake: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji, vilivyomalizwa kwa makubaliano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992, Malawi, nchi ndogo na maskini, iliwapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja.

Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, kaka zake bibi walirejea Mucojo. Bibi alibaki Lindi kwa kuwa alikwisha kuolewa. Hivyo ukoo wetu ukawa na matawi mawili, moja kila upande wa mto.

Miaka ya kukimbia

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Huo ndio mwanzo wa vita ambavyo wachunguzi bado wanabishana kuhusu chanzo chake: itikadi kali ya dini, umaskini wa vijana, chuki dhidi ya dola lililoonekana liko mbali, au utajiri wa gesi asilia na vito vya thamani usiowafikia wenyeji. Mashambulizi yalienea upesi. Mwezi Juni 2018 kijiji cha Naunde, katika pwani hiyo ya Macomia, kilivamiwa. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa moto. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga pwani hiyohiyo, kikaziezua nyumba zilizosalimika. Mwezi Mei 2020 mji wa Macomia wenyewe ulivamiwa, na mwaka huohuo vijiji vya ukanda wa Mucojo vikabaki mahame.

Watu walikimbilia wapi? Barabara zilikuwa za hatari, kwa hiyo wengi waliingia baharini. Mwezi Oktoba 2020, katika muda wa wiki chache, zaidi ya watu 10,000 walishuka kutoka majahazi na mashua katika ufuo wa Paquitequete, mtaa wa kale wa mji wa Pemba. (Usichanganye: Pemba hii ni makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, wala si kisiwa cha Zanzibar.) Mwishoni mwa mwezi huohuo chombo kimoja kilichowabeba wakimbizi kilizama karibu na visiwa, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liliwahesabu watu zaidi ya milioni moja waliokuwa wameyahama makazi yao kaskazini mwa Msumbiji kwa sababu ya vita hivyo.

Miongoni mwao alikuwemo binti wa kaka yake bibi, ambaye mimi humwita mama mdogo. Alikuwa mchuuzi wa ng'onda. Alitoka Mucojo na wajukuu wawili, akapita Matemo, akapita Ibo, hata akafika Paquitequete. Sisi huku Lindi tulikaa siku kumi na moja bila kujua kama yu hai. Aliponipigia simu hakunisimulia habari za bahari wala za risasi. Alinisimulia habari za meza.

Meza hiyo ilikuwa ya kuandikisha majina. Karani aliyekaa hapo alimwuliza kwa Kireno jina, umri, kijiji na namba ya kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba. "Mwanangu," aliniambia, "nilikuwa na majibu yote, ila maswali ndiyo sikuyasikia." Jina lake liliandikwa kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuitambua liliposomwa, na chakula kilipogawiwa, hakuitika. Siku ya tatu kijana mmoja wa Ibo alisimama kando ya meza na kuanza kutafsiri kwa Kimwani. Ndipo mama mdogo akapatikana katika orodha.

Nakuomba ulizingatie jambo hilo, wewe unayejifunza lugha. Tumezoea kuhesabu hema, maji, unga na dawa kuwa ndivyo vitu vya kumlinda mkimbizi. Lugha nayo imo katika hesabu hiyo. Mtu asiyeelewa swali hawezi kudai haki iliyo ndani ya jibu.

Mpaka unapoamua jina

Sasa tuulize: je, mama mdogo ni mkimbizi? Kwa Kiswahili cha kila siku, naam. Kwa sheria ya kimataifa, hapana.

Mkataba wa Wakimbizi uliotiwa saini Geneva mwaka 1951 humwita mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake, anayehofia kwa sababu za kweli kuteswa kwa ajili ya rangi au kabila lake, dini yake, utaifa wake, kundi la kijamii alimo au maoni yake ya kisiasa. Mwanzoni mkataba huo ulihusu matukio ya kabla ya mwaka 1951, yaani maafa ya vita vya Ulaya. Itifaki ya mwaka 1967 ndiyo iliyoondoa ukomo huo, ukawafaa watu wa mabara yote.

Afrika haikuridhika na fasili hiyo, na ilikuwa na sababu. Mvuvi ambaye kijiji chake kimechomwa huenda asiweze kuthibitisha kwamba alilengwa yeye kwa dini au siasa zake, moto haukumwuliza. Kwa hiyo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969 ulipitisha mkataba wake, ukaipanua fasili. Mkimbizi akawa pia mtu aliyelazimika kuiacha nchi yake kwa sababu ya uvamizi, kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vikali utulivu wa umma, iwe katika nchi nzima au katika sehemu yake tu. Maneno hayo ya mwisho yana maana kubwa kwetu. Maputo inaweza kuwa tulivu, maduka yakawa wazi na watoto wakaenda shule, na bado mtu wa Cabo Delgado akawa mkimbizi halali.

Lakini mikataba yote miwili imeweka sharti moja: kuvuka mpaka. Mama mdogo alielekea kusini, hakuvuka mpaka wowote. Wasumbiji humwita deslocado, neno la Kireno lenye maana ya mtu aliyeondolewa mahali pake. Sisi husema mkimbizi wa ndani. Ukilitazama vizuri, jina hilo linakiri kwamba kukimbia kwake ni kulekule. Kilichotofautiana ni nani anayewajibika. Mkimbizi aliyevuka mpaka hulindwa na nchi ngeni kwa niaba ya dunia. Mkimbizi wa ndani hubaki mikononi mwa dola lake, hata kama dola hilo lilishindwa kumlinda jana.

Kwa ajili ya watu hao Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Kampala tarehe 23 Oktoba 2009, ukaanza kutumika Desemba 2012. Ni mkataba wa kwanza wa bara zima unaozibana serikali kuhusu wakimbizi wa ndani, na Msumbiji ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Unawahusu waliokimbia vita, na pia waliokimbia maafa ya asili kama kile kimbunga Kenneth. Umo ndani yake wajibu wa kuwaandikisha watu na kuwapatia upya vitambulisho vilivyopotea, na unasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupewa hati kwa jina lake mwenyewe. Nilipomsomea mama mdogo kifungu hicho kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kimeandikwa pia kwa Kimwani.

Kusikilizwa kabla ya kurudishwa

Mtoto wa kwanza wa mama mdogo alikuwa akifanya kibarua karibu na Palma, mji wa mwisho mkubwa kabla ya mpaka wa Tanzania. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Yeye alikimbia kaskazini, akaufikia Mto Ruvuma, ule aliouvuka bibi. Ng'ambo yake kulikuwa na shangazi, binamu na nyumba ambazo zingempokea siku hiyohiyo. Lakini pale ukingoni alisikia kwa waliomtangulia kwamba waliovuka wanarudishwa. Akageuka. Alitembea kuelekea bara hadi Mueda, na baada ya miezi kadhaa tukapata habari kwamba yuko Montepuez.

Habari alizozisikia hazikuwa uvumi mtupu. Mwezi Juni 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza wasiwasi wake hadharani. Kwa mujibu wa maofisa wa mpaka wa Msumbiji lililowanukuu, Wasumbiji zaidi ya 9,600 walikuwa wamerudishwa kutoka Tanzania kupitia Negomano tangu mwezi Januari wa mwaka huo.

Mimi ni Mtanzania, na naipenda nchi yangu. Kwa hiyo nataka tuutazame upande wake kwa uadilifu. Mwezi Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakakivamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua na kuchoma. Wakazi wa mpakani walikuwa na hofu ya kweli, na serikali ina wajibu wa kuwalinda. Hakuna sheria ya wakimbizi inayoitaka nchi ifumbe macho. Mikataba ya 1951 na 1969 yote humnyima hadhi ya ukimbizi mtu aliyetenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Nchi inaruhusiwa kumpekua mgeni, kumhoji, kumnyang'anya silaha na kumweka mbali na mpaka.

Ila jambo hilo hufanywa kwa mtu mmoja mmoja. Kumpekua mtu ni kumwuliza wewe ni nani, umetoka wapi, umekimbia nini. Kumrudisha bila kumwuliza ni kuamua kwamba jibu lake halina maana. Hapo ndipo ilipo nguzo ya sheria yote ya wakimbizi, kanuni ya kutomrudisha mtu hatarini. Kifungu cha 33 cha mkataba wa 1951 kinakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utatishiwa. Mkataba wa Afrika wa 1969 umekwenda mbele zaidi: unakataza hata kumzuia mpakani, ikiwa kizuizi hicho kitamlazimisha kurejea alikokimbia. Tena unasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu, ambalo nchi jirani haipaswi kulihesabu kuwa uadui. Tanzania imo katika mikataba yote miwili.

Sasa likumbuke lile neno nililokuomba ulishike. Mwomba hifadhi ni mtu ambaye ombi lake halijaamuliwa. Mtu huyo analindwa dhidi ya kurudishwa tangu anapofika, kwa sababu haiwezekani kujua kama ni mkimbizi kabla ya kumsikiliza. Akirudishwa bila kusikilizwa, hatutajua kamwe kama tulimrudisha mhalifu, mtafuta kazi, au mama mwenye watoto aliyeacha nyumba inaungua. Na yule ndugu yangu aliyegeuka ukingoni hakuhesabiwa miongoni mwa waliorudishwa, wala miongoni mwa walioomba. Hakuna orodha iliyo na jina lake. Mlango uliofungwa humfukuza hata yule ambaye hajaugonga.

Kurudi si kurudishwa

Tumalizie na kitenzi rudi. Kauli zake mbili hazifanani: anayerudi hutenda kwa hiari yake, anayerudishwa hutendwa. Sheria huifuata tofauti hiyo ya sarufi. Mkataba wa 1969 unadai kwamba kurejea kwa mkimbizi kuwe kwa hiari, na Mkataba wa Kampala unadai kwamba mkimbizi wa ndani achague mwenyewe, kwa kuelezwa ukweli, kama atarudi, atabaki alipo au atahamia kwingine.

Majeshi ya Rwanda na ya nchi za Kusini mwa Afrika yalipoingia Cabo Delgado mwezi Julai 2021, sehemu nyingi zilikombolewa, na watu wakaanza kurejea. Mama mdogo naye alirudi Mucojo mwaka 2023. Hakuna aliyemlazimisha, ila kambini alikokuwa, wilayani Metuge, hapakuwa na bahari, na mchuuzi wa samaki asiye na bahari ni mtu aliyenyang'anywa jembe. Alianza upya kuanika ng'onda. Mwezi Januari 2024 wapiganaji waliingia tena Mucojo na kuishika kwa muda. Akakimbia mara ya pili, safari hii kwa miguu.

Je, alirudi kwa hiari? Swali hili huwafikirisha wataalamu, nami nakuachia ulijadili darasani. Mtu anayechagua kati ya njaa na hatari amechagua, lakini sioni kama tunaweza kuuita uchaguzi wake hiari bila kuongeza neno jingine.

Hivi leo yuko Metuge. Amepata kitambulisho kipya, na jina lake limeandikwa sawasawa. Nilipomwuliza kama atarudi tena, alinijibu kwa swali: "Nani atakuwa amefika kabla yangu kunihakikishia?"

Kazi yako, mwanafunzi

Unaposoma au kusikiliza habari za watu waliohama, jiulize maswali manne. Wamekimbia nini? Wamevuka mpaka au hawakuvuka? Je, wamesikilizwa, na kwa lugha gani? Mwandishi amewaita kwa jina gani, na jina hilo limepatikana kabla au baada ya kusikilizwa?

Kisha andika aya moja ukitumia vitenzi kimbia, kimbilia, hamia, rudi na rudishwa, kila kimoja mahali pake. Usiwaandikie watu wa kubuni. Chagua mji mmoja wa kweli, uwe Mucojo, Goma, Kigoma au mji uliozaliwa wewe, na uchunguze ni nani aliyewahi kuukimbia na ni nani aliyewahi kuukimbilia. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki utakuta ni watu wa ukoo mmoja, kwa miaka tofauti.